Viatu vya Meneja Krause

Simu ya benchi iliita tena. Wendell Krause akaitazama kama mbwa mkali wa jirani.

"Mzee, ni Pruitt," alisema Hobie, msaidizi wake, ameiziba simu kwa kiganja. "Anasema mtoe Lonnie."

"Mwambie niko chooni."

"Nimeshamwambia mara mbili. Sasa atauliza umekula nini."

Ilikuwa awamu ya tisa, ya mwisho, ya mechi ya besiboli. Walikuwa wanaongoza mbili kwa moja, na alibaki mpigaji mmoja tu wa kumtoa. Lonnie Stokes, miaka thelathini na nne, alikuwa amerusha mpira tangu mwanzo wa mechi na mkono ulikuwa umeanza kuchoka. Pruitt, mtoto wa mwenye timu, alitaka amalizie mrushaji wake mpya, yule ambaye picha zake zimejaa kwenye mabango ya mji mzima. Wendell alikuwa ameshamfuata Lonnie mara moja kwenye awamu hiyo, pale kwenye kilima kidogo cha mrushaji katikati ya uwanja. Akimfuata mara ya pili, sheria ni sheria, Lonnie anatoka.

Wendell alikuwa mdakaji miaka kumi na tisa, na vidole vyake viwili havinyooki mpaka leo. Akawa kocha miaka kumi na mmoja, halafu meneja wa timu hizi za miji midogo ya Ohio. Miaka yote hiyo alitii simu ya ofisi mara moja tu. Alimtoa mrushaji Ray Dabney akiwa amebakiza mpigaji mmoja. Ray alimkabidhi mpira bila kumtazama usoni, na msimu uliofuata hakurudi kucheza.

Pruitt akashuka mwenyewe mpaka kwenye uzio, tai imeenda upande.

"Krause! Kamtoe sasa hivi, la sivyo kesho usije!"

Wendell alihisi miguu inataka kuinuka. Akainama haraka, akafungua kamba, akavua viatu vyote viwili na kuvirusha juu ya paa la banda la benchi. Puu! Puu!

"Siwezi kwenda na soksi, bosi. Watu watanicheka."

Benchi zima likaangua kicheko. Kule kilimani Lonnie akageuka, akamwona mzee amekunja mikono kifuani, dole gumba limetokeza kwenye soksi. Akatikisa kichwa. Akarusha.

Mpigaji akaukosa mpira wa kwanza. Wa pili akaugusa tu, ukaenda pembeni. Wa tatu akaupiga juu, juu kabisa, na Lonnie mwenyewe akausubiri chini yake mpaka ukamwangukia kwenye glavu, mechi ikaisha.

"Umefukuzwa!" Pruitt alipiga kelele katikati ya shangwe. "Na hiyo jezi uivue!"

"Njoo uivue wewe."

Wendell akaingia uwanjani na soksi zake, nyasi zimelowa. Lonnie akamkabidhi mpira, macho kwa macho.

"Viatu viko wapi, Kocha?"

"Juu ya paa," alisema Wendell, kwa sauti ya kumfikia Pruitt. "Nitavifuata kesho, nikija kazini."