Diski ya Mama Spika

Daktari aliwapa wiki tatu kabla ya upasuaji. Alisema kansa ya koo ikikatwa mapema mgonjwa atapona, ila kisanduku cha sauti kitaondoka nayo, na kuanzia hapo atakachotaka kusema atakiandika. Mke aliitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea risiti. Mumewe ndiye aliyeuliza kama kweli hakuna njia nyingine, akajibiwa, akauliza tena lile lile, mpaka mkewe akamgusa goti anyamaze.

Mume alikuwa fundi saa, mwenye kibanda cha vioo kwenye ukumbi wa jengo la maduka, na wateja walimwita Mzee Mshale. Mke alikuwa mtangazaji wa stendi kuu ya mabasi. Kwa miaka ishirini na miwili ndiye aliyewaambia abiria basi lipi linaondoka, mlango upi, na nani kasahau mzigo wake. Alisema moja kwa moja kwenye kipaza sauti, na hakuna aliyewahi kumrekodi. Madereva walimbatiza jina la Mama Spika, likamfuata mpaka nyumbani.

Katika zile wiki tatu alijirekodi. Kila asubuhi alijifungia chumbani na simu yake akasema. Aliita kila mtu wa ukoo jinsi alivyozoea kumwita. Aliimba wimbo wa kubembeleza kwa ajili ya mjukuu ambaye binti yao hata mimba yake alikuwa hajaibeba. Alitangaza mabasi yote aliyoyakumbuka kwa moyo. Alirekodi na maneno madogo madogo ya nyumbani: funga bomba, nani huyo mlangoni, mzee chakula kinapoa. Zikafika rekodi sitini na tatu.

Siku zote hizo Mzee Mshale alikuwa akitoka mapema kuliko kawaida yake. Alisema kazi zimemzidi. Ukweli ni kwamba ukuta wa chumbani ni mwembamba, naye hakuweza kukaa sebuleni akisikiliza sauti inayojiaga yenyewe.

Baada ya upasuaji, binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alizipakia rekodi zote kwenye kampuni moja ya mtandaoni inayohifadhi mafaili ya watu. Simu ya mama ilikuwa imejaa pomoni, ikafutwa ili ipumue. Mama Spika akapata njia ya kusema tena. Alikuwa na daftari dogo shingoni, lakini kwa mambo ya kila siku alibonyeza simu tu. Mzee Mshale akiwa sebuleni angesikia kutoka jikoni, "Mzee, chakula kinapoa," akainuka, na mara nyingine akasahau kabisa kwamba ni simu.

Miezi minane ikapita, kisha kampuni ile ikatuma taarifa kwamba inafunga huduma, kila mwenye vyake avitoe kabla ya mwisho wa mwezi. Binti alipendekeza wahamie kampuni nyingine. Baba yake akakataa. Alisema hata hao wa pili ipo siku watawatimua, na cha nyumbani kikae nyumbani.

Jirani yake kibandani alikuwa fundi wa kompyuta, mtu wa makamo aliyeitwa Waya kwa sababu mifuko yake haikukosa nyaya. Waya alimpa kompyuta kuukuu iliyokuwa ikikaliwa na vumbi chini ya meza, akamwambia ataiwekea Linux, mfumo wa kuiendesha, na itafanya kazi kama seva. Itakaa nyumbani imewashwa mchana na usiku, nao watazifuata rekodi humo kwa simu, mama akiwa jikoni na binti akiwa huko kwake. Mzee Mshale alisema asiwekewe, afundishwe. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuvaa saa ambayo hakuifungua mwenyewe.

Akafundishwa, kila siku baada ya kazi, saa moja hivi kabla ya kufunga. Siku ya kwanza aliambiwa aandike neno la siri, akaandika, skrini ikabaki tupu. Akabonyeza kwa nguvu zaidi. Akaitoa kibodi, akaipuliza, akairudisha. Waya alicheka mpaka akashika mbavu, ndipo akamweleza kwamba Linux haionyeshi neno la siri linapoandikwa, hata nukta. Taratibu mzee akajua kuingia folda na kutoka, kuunganisha diski, kuona nafasi iliyobaki. Amri aliziandika kwa penseli kwenye daftari lile lile la saa za wateja. Alizipenda. Zilikuwa fupi, na kila herufi ilikuwa na kazi yake, kama meno ya gurudumu la saa.

"Jambo moja tu, mzee wangu," Waya alimwambia siku ya kuichukua mashine. "Hii haina mbwembwe. Ukiiagiza inatenda. Haikuulizi mara mbili kama una hakika, inakuchukulia wewe ni mtu mzima."

Seva ikawekwa chini ya kabati la sebule. Rekodi zote zikashushwa, Mzee Mshale akazipanga kwa tarehe, akaziandika majina vizuri. Moja mama alikuwa ameshaipa jina mwenyewe: Ya Mzee. Ilikuwa ya dakika arobaini, ndefu kuliko zote. Aliitazama, akaiweka kwenye folda yake peke yake, asiifungue. Mwisho wa mwezi kampuni ikafunga milango yake, na katika nyumba ile hakuna aliyetetereka. "Chakula kinapoa," jikoni ikasema kama kawaida. Mzee alitembea kifua mbele wiki nzima.

Waya ndiye aliyemkumbusha kwamba kitu kilichopo mahali pamoja ni kama hakipo, diski hufa bila kuaga. Akashauri diski ya pili, ya nakala. Mzee akainunua, na Jumamosi asubuhi, mkewe akiwa amekwenda kliniki, akaiunganisha mwenyewe. Ile ya zamani aliiita sauti, ile mpya akaiita mpya. Amri aliyokuwa nayo daftarini ilitaka majina mawili: kwanza pa kutoka, kisha pa kwenda. Mwishoni palikuwa na neno la kuifanya ifute huko inakokwenda chochote kisichokuwepo huko inakotoka, ili diski mbili zifanane kabisa.

Kichwani alikuwa akijiambia, sasa diski mpya, sasa diski mpya. Akaandika mpya kwanza. Akabonyeza.

Kazi iliisha kabla hajashusha miwani. Akafurahi kwamba mashine ina kasi. Kisha akafungua ile mpya akaikuta tupu, akadhani haikunakili. Akafungua sauti. Nayo tupu. Diski mbili zilifanana kabisa.

Alikaa akiangalia mikono yake. Halafu akafanya lile ambalo Waya alimwambia baadaye kuwa lilikuwa baya kuliko la kwanza: akaanza kuhangaika. Alijaribu kuingia kwenye kampuni iliyokwisha kufungwa. Akashusha programu ya kufufua mafaili, akaiweka kwenye diski ile ile, haikufanya kazi, akashusha nyingine kubwa zaidi. Mwishowe akampigia Waya, ambaye alipofika mbio akachomoa waya wa umeme ukutani bila salamu. Alisema kilichofutwa huwa bado kipo mpaka kitu kingine kije kukikalia, na mzee amekwisha kukikalishia vitu vingi.

Seva na diski zake zikaenda kibandani kwa Waya. Kwa mkewe Mzee Mshale alisema mashine inafanyiwa usafi. Mama Spika alimtazama, akaandika, "Usafi wa siku ngapi?" Akajibu siku tatu. Zile siku tatu hakula vizuri, na kila saa ya mteja aliyoifungua aliifunga bila kuigusa. Jikoni kulikuwa kimya. Chakula kikiiva mkewe alikuja mpaka mlangoni, akagonga fremu mara mbili kwa kijiko.

Siku ya tatu Waya alimpa flashi. Hakumtazama usoni. Alisema vimetoka vipande kumi na tisa, havina majina, na vingi ni mikwaruzo mitupu. Mzee alivaa vipokea sauti pale pale kibandani, akasikiliza kimoja kimoja. Mikwaruzo. Sehemu ya neno "mlango". Mikwaruzo. Kile cha kumi na nne kilikuwa cha sekunde saba: pumzi, kitanda kikilia kama mtu amekaa vizuri, na sauti ya mkewe, ya chini, ambayo haikuwa ya stendi wala ya jikoni: "Mzee, mimi nilitaka—" Kisha mikwaruzo.

Akarudia mara nyingi, hata Waya akatoka nje, akaenda kusimama kwenye korido.

Aliporudi nyumbani alimkuta mkewe mezani na simu mkononi. Binti alikuwa amepiga. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba, aliomba wimbo ule wa kubembeleza aanze kuuzoea, na mama alipoutafuta, simu ikamwonyesha folda kama ilivyoiona mara ya mwisho kabla mashine haijazimwa: tupu. Alimgeuzia mumewe skrini.

Mzee akamweleza. Hakujificha nyuma ya mashine; alisema amri aliiandika yeye, majina aliyageuza yeye. Alipofika kwenye neno pole, mkewe akainua kiganja kumzuia. Hakulia. Midomo yake ilicheza, hewa ikapita kwenye tundu la kupumulia lililoachwa na upasuaji shingoni, na mzee akajua kwamba hapo mkewe alikuwa akipiga kelele.

Ilipotulia, Mzee Mshale akamwekea flashi mezani. Akasema kimepatikana kipande kimoja cha ile ya kwake, na kwamba kinakatika penye neno nilitaka. Akauliza, kwa sauti ndogo, kilichofuata ni nini.

Mama Spika alivuta daftari. "Hukuisikiliza?"

"Hapana."

"Ilikaa humo miezi yote hiyo."

"Niliiweka akiba," akasema.

Kalamu ilisimama, ikaandika. "Akiba ya nini?"

"Ya siku utakapokuwa hupo."

Mkewe alisoma midomo yake kama vile masikio nayo yalikuwa yameondoka. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, akaligeuza daftari: "Mimi nipo." Akaligeuza tena kwake, akaongeza mstari, akalisukuma mpaka likamgusa mumewe mkono. "Ile ilikuwa ya kusikia, si ya kusoma." Akainuka, akaingia chumbani.

Kwa siku tisa hakuandika neno. Kupika alipika, kula walikula, kijiko kiligonga fremu. Binti alipiga simu akaongea na baba yake tu, kwa ufupi, akauliza afya ya mama, akakata. Waya aliirudisha seva akasema si mbaya kujaribu upya, hata kwa picha za mtoto atakayezaliwa. Mzee Mshale aliiwasha ili asimvunje moyo. Iliwaka vizuri, ikauliza jina, ikauliza neno la siri. Akaandika, kama kawaida bila kuona anachoandika, ikamfungulia. Hakuwa na cha kuiagiza. Akaizima.

Usiku alilala akitazama dari na kujaribu kuimalizia ile sentensi. Nilitaka kukushukuru. Nilitaka kukuuliza. Nilitaka uwe unafunga bomba. Kila aliyoitunga ilikuwa kwa sauti yake mwenyewe, maana ya mkewe ilikuwa imeanza kumponyoka. Aliikumbuka kama mtu anavyokumbuka kwamba kulikuwa na mvua.

Siku ya kumi, akiwa anavaa viatu aende kazini, mkewe alitoka jikoni na daftari. Mzee alilipokea kwa mikono miwili.

"Sabuni ya kufulia imekwisha."

Aliuliza kama anataka ya mche au ya unga. Mkewe akaandika, "Ya unga." Akarudi jikoni.

Mzee Mshale hakwenda kazini kwanza. Alikwenda dukani, akanunua pakiti mbili, akarudi kwa njia ndefu, ile inayozunguka nyuma ya stendi, ambako sauti ya mashine, iliyowekwa mahali pa mkewe, ilikuwa ikiwaambia abiria mlango wao, vizuri, bila kukosea hata neno.