Kanzu ya Kwendea Mahakamani

Felista aliipitisha pasi ya makaa juu ya jani la mgomba, jani likatoa mvuke na kusinyaa. Pasi ilikuwa tayari. Yeye ndiye hakuwa tayari. Mara tatu alikuwa ameitandaza kanzu ya Abrahman mezani, na mara tatu ameikunja tena, kama mtu aliyesahau pa kuanzia. Na udobi wa nyumba hii ya Baghani kaufanya miaka ishirini na mbili.

Kengele ya kanisa la Minara Miwili ilikuwa imeshalia. Misa ya Jumanne hii, sita Machi ya mwaka hamsini na sita, sikukuu ya somo wake, ilimpita. Sista aliyemfundisha katekisimu alikuwa akiwasimulia habari za Felisita mtakatifu: mtumwa, mja mzito, katiwa gerezani kwa ajili ya imani yake. Hawakumtaka mengi. Atie chembe ya ubani motoni mbele ya sanamu, kisha aende zake kwao akajifungue salama. Akakataa. Utotoni Felista hakuelewa. Ubani nao ni kitu gani? Nyumba gani Unguja haifukizwi ubani?

Wiki mbili nyuma, akianika nguo sakafu ya juu, alimwona Abrahman, mtoto wa pekee wa Bi Shemsa, akimsukuma Msabah, hamali wa makaa, pale juu, ngazi zinapoanza kushuka. Waligombania gunia lililomwagika. Msabah alidaka upindo wa kanzu, ukamponyoka, akaporomoka hadi chini na kuvunjika mkono. Jioni ile kanzu ikaja kwenye beseni la Felista, nyeupe kote ila upindoni, vidole vitano vyeusi vya makaa. Akaipaka sabuni, akaisugua, akaianika, kwani doa kwake ni doa. Kesho yake ndipo aliposikia kuwa Abrahman kashtaki, eti Msabah kamkaba koo.

Mikono ile ikabe koo, na shingo ya kanzu ibaki nyeupe? Laiti angeiacha kanzu vile ilivyokuja, ingesema yenyewe. Sasa umebaki mdomo wake.

"Hujamaliza tu?" Bi Shemsa aliingia na chetezo mkononi.

"Bado kidogo, Bi Shemsa."

"Jana mke wa Msabah alikuja mlangoni. Nlisikia alichokwambia."

"Kasema hakimu anataka shahidi. Saa tatu."

Bi Shemsa aliweka chetezo chini. Alionekana hakulala. "Felista, mimi sikwambii useme uongo. Mungu shahidi wangu. Nnakwambia upige pasi tu. Nani atakulaumu kwa kuwa kazini kwako?"

Pasi ilikwenda, ikarudi.

"Nnaye huyu mmoja. Ulimbeba mgongoni wewe. Akija kufungwa, mimi ntakaa na nani?"

"Na Msabah, Bibi? Akifungwa na mkono wake ule?"

"Mkewe ntamtazama. Chakula ntawapelekea."

Felista aligeuza upande wa pili wa kanzu. Kila Jumamosi Msabah alipotua gunia humtania: "Makaa ya vifuu haya, nimekuchagulia mwenyewe. Ukifika peponi kwenu, waambie nani alikuwa akikuwashia."

Kanzu ilipokwisha kunyooka aliitandaza juu ya tenga la kufukizia nguo, kama siku zote, na Bi Shemsa akampa kipande cha udi, kama siku zote. Kilikuwa kidogo kuliko ukucha. Felista alikitazama kitambo. Kisha akakitia chetezoni, chini ya tenga. Udi haukuwa na kosa. Akasubiri harufu ishike nguo, akakunja mikono ya kanzu kwa ndani, akaitoa kwa mikono miwili.

"Nshamaliza, Bi Shemsa. Sasa nnakwenda Vuga, mahakamani."

"Ukivuka kizingiti hicho, Felista, kile chumba chako cha uani..." Bi Shemsa aliikumbatia kanzu kifuani, ikaanza kujikunja.

Felista alijifunga kanga yake, akachukua pasi. Ilikuwa yake, ya marehemu mama yake. Kumwaga moto katika ua wa mtu aliyemlisha miaka yote aliona ni laana, basi akaibeba na makaa yake yakiwaka.

Njiani watu walimpisha.

"Bi dobi," muuza kahawa, aliyejua kuwa kesi ni leo, alimwita, "hakimu naye kaamka na makunyanzi?"

Watu wakacheka, naye nusura acheke. Lakini kwenye kona aligeuka akarudi hatua kumi, hata akaliona tena dirisha la Bi Shemsa. Akasimama. Mkono ulimuuma kwa uzito wa pasi. Akageuka tena.

Chini ya ngazi za mahakama askari alimzuia. "Moto hauingii humu, mama."

"Nnajua."

"Umefuata nini?"

Aliihamishia pasi mkono wa pili. "Kesi ya Msabah. Nlikuwapo."

Mwanapili, mke wa Msabah, aliyekuwa kachutama ukutani, aliinuka.

"Jina?" askari aliuliza.

"Felista binti Paulo."

Aliiweka pasi kwenye daraja la chini la ngazi, akaisogeza pembeni isimuunguze mtu, akapanda. Nyuma yake upepo wa kaskazi ulipita katika matundu ya pasi, na makaa, yaliyokuwa yamevaa jivu, yakaanza tena kuwa mekundu.