Makaa ya Mwinuko

Mama anayependa kusifiwa, anayelipa ni mwanawe. Ivy Tranter hakulijua hilo, au alilijua akalifunika, kama mtu anavyofunika sufuria iliyoungulia ili wageni wasisikie harufu.

Alikuwa mjane wa mtu wa reli. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika safu ya nyumba kumi na nne za matofali, chini ya mwinuko wa Alder, kaskazini mwa London. Nyuma palikuwa na bustani ndogo ya kabichi, kisha ua wa mbao, kisha reli. Mwanawe wa pekee, Cyril, kijana wa miaka ishirini na minne, alikuwa mtia makaa katika injini ya treni za jioni, zile zinazowarudisha makwao watu wa maofisini. Injini yenyewe ilikuwa kizee, imeundwa kabla ya vita vya kwanza, fupi na nene. Haikukokota gari la maji na makaa kama injini za safari ndefu. Maji iliyabeba ubavuni, katika matangi mawili, na makaa yalikuwa kwenye sanduku nyuma ya mgongo wa dereva. Kwa hiyo ilikwenda mjini kwa mbele na kurudi kinyumenyume, haina haja ya kugeuzwa, kutwa nzima hivyo hivyo: vituo tisa, kila kituo chini ya dakika moja, milango ibamizwe, filimbi, twende. Kwa kazi hiyo haikuwa na mfano. Ila sanduku lake lilikuwa dogo, na kilichotoka humo hakikuwa na pa kujaziwa njiani.

Baridi ya mwaka arobaini na saba haijasahaulika hadi leo. Theluji ilipanda mpaka madirishani na makaa ya mgao hayakufika. Watu walichoma viti. Watu walilala na makoti na kofia kichwani.

Kwa Ivy moto haukuzimika.

Treni ya saa kumi na mbili kasorobo ilizoea kusimama nyuma ya bustani yake kungoja ishara ya reli ikubali, kabla ya kuushika mwinuko. Na tangu enzi za mabibi, mke au mama wa mtu wa reli aliyekaa kando ya njia hakukosa bonge la makaa uani mwake. "Limeanguka," watu walisema. Hakuna aliyesema limeibwa, ingawa kila mtu alijua kwamba ukishikwa, kazi huna, na pengine mahakama inakungoja. Ivy akitundika aproni moja kwenye kamba ya nguo, bonge moja lilianguka. Akitundika mbili, yalianguka mawili. Dereva, Mzee Amos Peddle, mtu wa miaka arobaini kazini, aligeuka upande wa pili.

"Mimi naangalia ishara, Cyril," alikuwa akisema. "Kazi ya dereva ni kuangalia ishara."

Mtu mmoja na mwanawe wanahitaji makaa kiasi gani? Bonge la siku lingewatosha. Lakini Ivy alikuwa ameonja kitu kitamu kuliko joto. Wanawake wa mtaa walikuja kuota moto kwake, wa kwanza wao Doris Skeggs, jirani wa ukuta mmoja.

"Shoga, hii si nyumba, hii peponi," Doris alisema, amenyoosha miguu mbele ya moto. "Kwangu hata paka kahama. Mtazame, yuko chini ya meza yako."

"Mwache, maskini, apate joto."

"Una mtoto, Ivy! Wangu mimi ananiletea soksi zilizotoboka tu."

Na Ivy alicheka, akaongeza bonge jingine ambalo moto haukulihitaji. Maneno yale yalimwingia kama sukari. Tangu mume wake afe alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Sasa alikuwa mtu wa kutembelewa. Mwisho akajikuta anasema mbele ya watu kwamba wanawake wa kanisani wanaoshona mablanketi, wote kumi na wawili, waje Jumatano washonee kwake.

Jumanne asubuhi alimwambia Cyril wakati wa chai.

"Leo nitatundika aproni zote tatu, na foronya nne juu yake."

Cyril aliweka kikombe chini. "Mama, makaa tunayopewa siku hizi ni vumbi na mawe. Mabonge mazuri ni ya kuhesabu, nayaweka pembeni kwa ajili ya mwinuko. Pale vumbi halipandishi treni."

"Nimekuomba lini kitu kikubwa, mimi?"

"Si kwamba ni kikubwa—"

"Wanawake kumi na wawili, Cyril. Unataka watetemeke humu ndani, halafu wakaseme mtoto wa Ivy kamchoka mama yake?"

"Nani atasema hivyo?"

"Watasema! Wewe wanawake huwajui. Usinitie aibu, mwanangu, baba yako hayupo wa kunisitiri."

Hapo ndipo alipomshika. Mama yeyote anaijua kamba hiyo ya kumfungia mtoto, na anayeivuta anajua anachofanya. Cyril alivaa kofia.

"Haya, mama," alisema.

Jioni Ivy alisimama mlango wa nyuma akiangalia. Treni ilifika, mabehewa yamejaa mpaka watu wamesimama baina ya magoti ya waliokaa, madirisha yamefunga ukungu. Ikasimama. Cyril alikuwa juu ya injini, mgongo umeinama, na mabonge yakaruka ua moja moja yakizama thelujini. Saba. Mzee Peddle kichwa chake kilikuwa upande wa pili. Ishara ikakubali, injini ikavuta pumzi, ikaanza kupanda kinyumenyume kuelekea handaki, pale juu reli inapopita ndani ya kilima.

Ivy aliyakusanya mabonge yote kwenye ndoo na beseni, akayaweka kando ya jiko. Alikuwa anaimba.

Hakupita muda akasikia injini imebadili sauti. Mtu aliyekaa kando ya reli anazijua sauti hizo kama anavyojua kikohozi cha mumewe. Ilikuwa ikihema polepole, polepole zaidi, kisha ikanyamaza. Mvuke ukipungua katika injini zile breki hujikaza zenyewe, na treni husimama ilipo. Ilikuwa imesimama ndani ya handaki, na watu zaidi ya mia tano nyuma yake, na moshi wote hauna pa kwenda.

Mkuu wa treni aliwateremsha akawaongoza kwa taa, wakishika ukuta, wakikanyaga barafu, mpaka wakatoka wanakohoa na nyuso nyeusi. Mlango wa kwanza wenye mwanga na moshi dohani ulikuwa wa Ivy. Basi wakaingia, wote waliopata nafasi. Jikoni, sebuleni, ngazini. Herbert Skeggs, mume wa Doris, naye alikuwa katika treni ile; aliletwa amebebwa na vijana wawili. Kifua chake kilikuwa kibovu tangu vitani, sasa kilikuwa kinapiga filimbi. Walimlaza mbele ya moto.

"Mungu akubariki, bibi," mwanamke mmoja mwenye kofia ya kijani alimwambia Ivy, machozi yakimchora mistari mashavuni. "Moto wako umetuokoa."

"Bila wewe tungekufa na baridi," mwingine akasema.

Ivy alimimina chai. Doris alikuwa amepiga magoti kando ya mumewe, anampepea na gazeti.

"Yule dereva afungwe," Doris alisema. "Kawaingiza watu kwenye tundu la moshi na moto wa mshumaa! Mzee mzima!"

"Kazeeka," mtu akaitikia. "Hajui tena kupika mvuke."

Na Mzee Peddle mwenyewe alikuwa mlangoni. Alikuja kuomba maji ya kunawa macho. Alipita katikati ya watu mpaka jikoni, kofia mkononi, na Ivy akampa beseni na kitambaa bila kumtazama. Aliponawa akainua uso, jicho lake likaangukia ndoo kando ya jiko: mabonge makubwa, meusi, yanayong'aa, makaa ya injini, si makaa ya mgao wa mtu yeyote. Aliyatazama kwa muda wa kuyahesabu. Kisha akakikunja kitambaa vizuri, akamrudishia.

"Asante, Bi Tranter," alisema. "Kijana wako hajaumia. Yuko juu na injini."

Akatoka, na watu wakaendelea kumsema.

Jumatano Ivy aliwaambia wanawake wa kanisani kichwa kinamuuma. Alhamisi Cyril alirudi na habari: Ijumaa kungekuwa na baraza la uchunguzi, na Mzee Peddle alikuwa ameshaandika kwamba moto ulipungua kwa uzembe wake yeye, dereva. Wangemwondoa kwenye injini, akafagie karakana. Miezi mitano kabla ya kustaafu.

"Siwezi, mama," Cyril alisema. "Kesho nasema."

"Usiseme!" Ivy alimshika mkono. "Yeye amemaliza, wewe ndiyo unaanza. Miezi mitano tu ya kufagia. Wewe watakufukuza, watakupeleka mahakamani. Mimi nina nani mwingine?"

"Anafagia kwa ajili yetu."

"Mwenyewe amekubali, Cyril. Hukumlazimisha."

Cyril alimtazama mama yake kama anavyotazama mtu nyumba aliyokulia wakati imebomolewa ukuta. Ivy aliona, akaachia mkono, lakini maneno hakuyarudisha. Angeweza kusema, kesho tunakwenda wote. Alisema, "Kula, chakula kinapoa."

Ijumaa jioni Cyril alipanda moja kwa moja chumbani, akashuka na sanduku la nguo.

"Mzee Peddle amerudishiwa injini yake," alisema. "Mimi basi. Hawatanipeleka mahakamani, kwa heshima ya marehemu baba."

"Umewaambia..."

"Nimewaambia nilikuwa namuuzia mtu sokoni. Ningesema ni nyumbani, wangekuja kupekua humu."

"Cyril! Sasa watakuita mwizi wa kuuza!"

"Wameshaniita." Alifunga vifungo vya koti. "Nakwenda kwa shangazi, mjini Leeds, kuna kazi ya kiwandani. Wewe usiseme kitu, mama. Umenyamaza tangu Jumanne, hutashindwa."

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana iliuma. Alimbusu shavuni kama siku zote, akaenda.

Habari ilitembea mtaani usiku ule ule, na Jumamosi asubuhi mlango ukagongwa. Alikuwa Doris, na beseni limefunikwa kitambaa.

"Pole, shoga wangu," Doris alisema akiingia. "Kumbe yule mtoto alikuwa anakuchezea! Anakuletea bonge moja la kukuziba macho, mengine anauza. Mama wa watu hajui kitu."

Alifunua beseni. Vipande vya makaa, vidogo kama viazi, na vumbi lake.

"Tumechanga, kila nyumba kipande. Herbert mwenyewe katoa chake. Kasema, yule mama alinilaza mbele ya moto wake, leo mwanawe kamwacha peke yake, haiwezekani alale na baridi. Chukua. Usimlilie mwizi, Ivy, si kosa lako."

Ivy alitazama vile vipande. Kumi na tatu. Nyumba zote isipokuwa yake. Kupitia ukutani alimsikia Herbert akikohoa. Hakuna aliyekuwa akimlazimisha kusema. Angesema asante tu, na angekuwa tena mtu wa kuonewa huruma, na Cyril angebaki mwizi katika vinywa vya watu waliomwona akikua.

"Mimi ndiye niliyeomba," alisema.

"Umeomba nini?"

"Makaa. Alinikatalia, nikamtajia marehemu baba yake mpaka akakubali. Yalikuwa makaa ya mwinuko. Yote saba yalikuwa humu jikoni wakati unampepea Herbert. Hakumuuzia mtu, Doris. Ni mimi, nilitaka mje kwangu mnisifu."

Doris aligeuka akautazama ukuta, Herbert akikohoa upande wa pili. "Ulinisikia nikimtukana yule mzee," alisema. "Ukanimiminia chai."

"Ndiyo."

Doris aliinuka, akamwaga vile vipande sakafuni, akachukua beseni lake na kutoka. Mlango hakuufunga.

Ivy alivikusanya vyote katika sketi yake. Alitamani ajifungie ndani, amwachie Doris awaambie watu. Lakini Doris angesema habari za Ivy tu, kwa hasira yake. Kwamba Cyril hakuuza kitu lingepotea humo, na watu wakishamwita mtu mwizi hupenda abaki mwizi. Akavaa viatu bila soksi. Akatoka, akashuka mtaa wote kwenye theluji mpaka nyumba ya mwisho kule upande wa pili, ambako hawakumzoea sana na ambako kusema kungekuwa kugumu zaidi, akatoa kipande kimoja sketini ili akirudishe, akagonga.