Pete Iliyosomeka Wima

…saba, nne, mbili, mwisho sita, namba ya pete imeshamtoka bibi mdomoni na sasa hana la kufanya ila kungoja, ndege yupo kiganjani, shingo katikati ya vidole viwili, kadogo, kifua cha manjano, kamevuka jangwa na bahari kuja kunaswa kwenye wavu uleule wa kituo chao cha kufunga ndege pete za namba, na mguu umevimba, pete imebana, aliyeifunga aliminya koleo mpaka ncha zikapandana, na karani anafunua daftari la majira ya kuchipua ya miaka mitatu nyuma, anasema, "Subiri bibi, mwandiko huu hata mwenyewe angeukana," naye anacheka kidogo, cheko la adabu tu, kwa sababu mwaka ule wafungaji pete walikuwa wawili, yeye na binti yake, na binti yupo kaburini… ikiwa pete hii aliifunga binti, Mungu amsamehe, basi yeye mama alimkaripia kwa haki, angalau hilo… siku ile ya karipio pia alinaswa ndege wa mguu uliovimba, yeye akamwinua mbele ya wote, akamwambia binti, hiki ni kiumbe, si gunia la mkaa, mikono mizito kama ya baba yako, na binti akasema, "Mama, tazama vizuri," taratibu, bila ubishi, akajibiwa, nimetazama kwa macho haya haya yaliyokulea, watu wakacheka, daftari halikufunuliwa, mkubwa akisema amesema, na binti akavua mfuko wa pete shingoni, akautundika msumarini, akaenda zake, chumba cha kupanga, simu za salamu tu, hujambo mama, sijambo, kisha homa, kisha simu ikaja kutoka simu ya binti, sauti si ya binti… "Nirudie namba, bibi," anasoma tena, saba, nne, mbili, sita, na safari hii anajisikia anavyosoma, upesi, shingo yake mwenyewe imenyooka, na akisoma pete shingo yake hainyooki hivyo, yeye ni mashoto, ndege humshika kwa kulia na koleo kwa kushoto, pete za wenzake wote, za binti pia, kwake zimepinduka, kichwa chini miguu juu, lazima ainamishe kichwa kama kuku anayemtazama mwewe, na binti alikuwa akimtania, mama, mwewe keshapita… ni zile alizofunga mwenyewe tu ndizo humjia wima, na hii imemjia wima… haya, ni yake, mkono mkongwe nao huteleza, ataikata, mguu utapona, lakini ile, ile ya siku ile aliisomaje, alimwinua ndege akatamka namba yote kwa pumzi moja, kama hakimu, anajiona, hakuinamisha kichwa, walah hakuinamisha… "Kurasa zimegandana," anasema karani, analowesha kidole, "karibu naipata," na ule moyo mdogo unagonga kwenye kiganja, unagonga, naye hathubutu kusema acha, usitafute, na binti alikuwa amesimama pale pale ubavuni pake, anaitazama shingo ya mamake, binti aliyeijua shingo hiyo kuliko mtu yeyote, na angeweza kusema, mama, hiyo ni yako, maneno manne, watu wangemcheka mwingine… aliona, akamsitiri, akalibeba kosa la mamake akaondoka nalo, na karani bado anafunua.