Nyuma ya Kadi

Ofisi ya kamusi ilikuwa na vyumba viwili na droo mia na kumi, na mwenye droo nyingi kuliko wote alikuwa mama mmoja waliyemwita Mama Kadi. Kazi yake ilikuwa kuchukua neno la Kiingereza, kulitafutia maana ya Kiswahili, kisha kuliwekea sentensi ya mfano. Hapo kwenye mifano ndipo alipojijengea jina, kwa sababu hakutunga. Kila sentensi yake ilikuwa imetoka kinywani mwa mtu, na yeye, akiwa na kadi tupu mfukoni, aliinakili kabla haijapoa.

Jamaa zake walishamjua. Shemeji yake akija kumsalimia alitulia kama maji mtungini, maana mara ya mwisho aliposema anaumwa mgongo alijikuta kwenye herufi B, chini ya neno back.

Asiyejihadhari alikuwa binti yake, fundi cherehani. Siku moja, miaka mitatu iliyopita, akichambua mchele jikoni kwa mama yake, alisema, "Mume wangu mvivu hata wa kunikasirikia." Mama Kadi alicheka, akampa pole, kisha akaenda chumbani akaiandika chini ya neno lazy. Juzuu la kwanza, A hadi L, likatoka na kununuliwa na shule nyingi, ikiwemo ile aliyofundishia mkwe wake. Darasa zima likamsomea sentensi hiyo kwa pamoja. Mji mzima ulijua kamusi inaandikwa na mama mkwe wake, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kupiga ramli. Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, binti hakukanyaga kwa mama yake. Salamu zilipitia kwa majirani, na zilikuwa fupi.

Sasa Mama Kadi alikuwa amefika R, kwenye lile kundi la maneno yanayoanza na retro, ambayo yote hutazama nyuma, kila moja kwa namna yake. Retrospect, kuyaangalia yaliyopita. Retrograde, kwenda kinyumenyume. Hayo aliyamaliza asubuhi bila jasho. Lililomkwamisha ni retroactive: sheria inayotolewa leo lakini inayoyashika hata ya jana. Maana aliipata. Mfano hakuwa nao.

Akiwa bado anakuna kichwa, msimamizi wao, waliyemwita Nukta kwa sababu akishasema hakuna nyongeza, aliingia na tangazo. Malalamiko ya watu yamezidi. Kuanzia wiki ijayo kila mfano uwe na saini ya aliyeusema, nyuma ya kadi.

"Na zile za juzuu la kwanza?" Mama Kadi aliuliza. "Si linachapishwa upya?"

"Droo ikifungwa imefungwa. Unajua hilo."

"Najua. Naomba sheria ianzie nyuma."

Nukta alivua miwani. "Mama, ikianzia nyuma, kadi zako elfu tatu zinatoka. Huwezi kuwafuata watu wote hao, wengine wameshakufa. Itabidi niweke sentensi za kutunga. Paka yuko mezani. Miaka yako kumi na moja inakwenda na maji."

Alilijua hilo. Alizipenda sentensi zile kuliko alivyowapenda watu waliozisema, na jambo hilo lilimuuma alipolifikiria kwa mara ya kwanza, palepale aliposimama.

"Zifungue," alisema.

Alasiri alikwenda kwenye chumba cha kushonea cha binti yake akiwa na kadi moja ya herufi L. Binti alikuwa akishona shati. Hakuinuka, ila alisema shikamoo, maana ugomvi haufuti adabu.

"Marahaba, mwanangu." Akaiweka kadi juu ya meza ya cherehani. "Hii inahitaji saini yako. Bila saini inatoka kitabuni. Na nyingine zote zisizo na saini zinatoka."

Binti aliisoma, akaigeuza, akaangalia upande usio na kitu. "Ungeniuliza siku ile ningekataa."

"Nilijua. Ndiyo maana sikuuliza. Nisamehe, mwanangu."

Mkasi ulikuwa karibu. Binti aliikata kadi katikati, akazikata na zile nusu, taratibu, kama anayepunguza kitambaa cha mteja. Vipande akavitupa kwenye kapu la mabaki, akarudi kwenye mashine yake.

"Nimekusamehe," alisema huku akishona. "Lakini msamaha wangu unaanza leo, mama. Ile miaka miwili hauigusi."

Ilikuwa sentensi kamili. Mama Kadi alilitambua hilo kabla haijaisha: fupi, safi, haina cha kuongeza, na neno lake lilikuwa ofisini likiisubiri. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, kwenye kadi tupu na kipande cha penseli. Binti aliuona ukienda. Mashine ikanyamaza.

Mkono ulitoka mtupu. Mama Kadi alivuta kigoda, akakaa, akauliza kama kuna vifungo vya kushonea. Vilikuwepo, vya shati zima.

Juzuu la pili lilitoka mwaka uliofuata. Ukifungua kwenye R utakuta retroactive lina maana tu. Nukta alipotaka kulitungia mfano, Mama Kadi alimwambia kwamba mfano wake upo, ila si wa kuandikwa.