Kibii Ampima Mgeni

Kibii hakumwamini Achola hata chembe. Kwanza, alijibu upesi mno. Pili, aliandika mambo ambayo Kibii alidhani yako kichwani mwake peke yake: kwamba huzuni ikikaa sana haiumi tena, inabaki uzito tu, na mtu anaweza kulala akitazama mabati mpaka adhuhuri. Nani angejua hayo? Aliyeambiwa. Na wa kumwambia alikuwa mmoja tu, dada yake Jepleting, aliyemtafutia kikundi cha WhatsApp ambamo alikutana na Achola, kikundi cha watu wazima wenye usonji, wasiosema kwa mdomo bali kwa kuandika.

Kikulacho ki nguoni mwako, Kibii akawaza.

Msimlaumu. Kwa miaka yake yote hapo Gilgil walimjia wengi wakijiita marafiki. Mmoja alikuwa mshauri nasaha aliyeficha kazi yake. Mwingine alitaka tu kumpiga picha akiombewa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kibii alikuwa ameshajiapiza: huyu naye akiwa wa uongo, hatafuti mtu tena, anageukia ukuta basi.

Akaandika kwenye tableti yake: "Njoo nyumbani nikuone."

Jumamosi Achola akaja kutoka Kariandusi na mama yake. Alitembea kwa ncha za vidole, akivuma kwa sauti ya chini, wala hakumtazama mtu machoni. Mama alipomwekea mkono begani, alituliza mwili, akaandika kwa kidole kimoja, na simu ikasoma: "Kibii, umekonda kuliko nilivyodhani."

Ahaa! Mkono ule begani. Sasa Kibii akajua mwandishi ni nani.

"Mama atoke," tableti yake ikasema.

"Kibii! Hiyo ni tabia gani?" Jepleting akaruka. "Mathe, pole sana, hata sijui nini imemwingia."

"Wacha tu, dada. Hiyo tumezoea," mama Achola akajibu, na wote wawili wakatoka nje.

Kibii akapanga vikombe vitatu mezani, chekundu, cha kijani na cha buluu. "Gusa cha buluu," akaandika.

Achola akatazama vikombe, akatazama mlango. Mkono ukainuka, ukagusa chekundu. Ukarudi, ukagusa chekundu tena.

Kibii akafurahi kwa kitambo kifupi, furaha ya mshindi. Halafu akautazama tena mkono wa Achola. Mkono ule aliujua. Mwaka jana wazee wa kanisa walimwekea penseli za rangi, wahakikishe kama anayeandika ni yeye au ni Jepleting. Waliomba ya kijani. Aliijua kama anavyolijua jina lake, lakini mkono ulichukua nyeusi mbele ya waumini wote. Siku ile alilia sana, na leo mzee wa kanisa ndiye yeye. Nyani haoni kundule!

Achola alikuwa ameivuta simu. Herufi moja, kisha polepole herufi nyingine. Hakukuwa na mkono wowote begani.

"Hata wewe?"

Aibu ilimshika Kibii mpaka masikio yakamwaka moto. Akatoka mbio, akamshika mama Achola kwa mkono wa sweta, akamvuta ndani, akauweka mwenyewe ule mkono wa mama kwenye bega la binti yake. Kisha akaandika: "Nisamehe."

"Sijakusamehe," simu ikasoma. "Nitakukasirikia mpaka kesho jioni. Jumatatu nitakuandikia."

Achola akasimama, na mama yake akachukua mkoba.

Kibii akaivuta tableti yake. Kidole kikasita juu ya kioo. Neno hili hakuwahi kumwambia mtu, hata Jepleting, kwa sababu alijua angelia, na machozi ya dada yake yangekuwa mzigo mwingine wa kubeba.

"Jumatatu ni mbali. Sijui kama nitafika."

Mlangoni Jepleting akaziba mdomo kwa kiganja. Achola alibaki amesimama, akivuma. Kisha akaketi, tena si kitini. Aliketi sakafuni karibu na miguu ya Kibii, bila kumgusa.

"Basi nitakukasirikia hapa hapa," akaandika, akavua viatu.