Jiwe la Kichwani pa Baba

Dkt. Kathini aliniita ndugu, na mimi mjinga nikaamini. Mwaka 1996 alikuja kwetu Takaba kutoka Nairobi, akitafuta mawe yaliyowahi kuyeyuka nusu: sehemu nyeusi imebaki, nyeupe imetiririka kama mafuta ya nyama. Ndani ya ile nyeupe, alisema, mna punje zinazotunza umri. Akizipima atajua ni lini bara hili lilivutwa likawa jembamba huku kwetu.

Mama yangu, Fatumo, alimkaribisha vizuri. "Kilima chote ni chako," akasema, nami nikamtafsiria. "Makaburi tu usiguse." Kathini akakubali. Nikaapa, wallahi, mbele ya ndugu za marehemu baba, kwamba nitamchunga.

Alipoondoka, jiwe la kichwani pa baba likakutwa limemegwa. Nikamtetea mgeni. Nikamwambia mama ni jua limelipasua.

Mwaka uliofuata nilikuwa mwalimu Garissa. Kathini akanikuta hotelini, akafungua ripoti yake huku anacheka kwa furaha. Nilipoona picha ya kwanza, chai ilinishinda.

"Hili ni la baba!"

"Kipande cha ngumi tu, Guleid. Mengine yote yalikuwa yameoza kwa jua na mvua. Hili lilikuwa zima."

"Zima kwa sababu si la pale! Baba aliusia alazwe na jiwe la alikozaliwa. Tulilibeba kwa ngamia siku nne kutoka upande wa Moyale. Ungeniuliza, walaal, ndugu yangu, ningekwambia."

Akaifunga ripoti. Umri wote wa kilima chetu aliutoa kwenye jiwe hilo moja.

"Usimwambie mtu," akasema. "Imeshakwenda kuchapishwa."

Bara lake halikunihusu. Nilichotaka ni twende wote kwa mama, akiri kwa mdomo wake mwenyewe, maana kiapo kilikuwa changu. Akatazama saa, akasema basi la Nairobi litamwacha. Akaenda zake.

Ripoti ilitoka vilevile. Nakala moja akaituma Takaba, eti heshima kwa wenyeji. Nilikuwa nyumbani kwa likizo siku mwalimu Diriye alipowasomea wazee kwa Kisomali, akaanza na shukrani: "Kwa Guleid, aliyenionyesha kila jiwe nililolichukua."

Mama, kidole juu ya ile picha ya jiwe la baba, akamwambia asome tena.